Gari la Juu na Stesheni Wagoni: Lipi Lifaalo kwa Jamaa ya Askari?

Askari anapokaribia kustaafu, au anapopata uhamisho pamoja na mke, watoto, magodoro na vyombo vya jikoni, habari ya gari hugeuka kuwa shauri la nyumba nzima. Mazungumzo ya namna hii tumeyasikia mara nyingi katika mesi na vituo vya polisi. Aghalabu kila mmoja hutaka gari lililoinuka, lile ambalo siku hizi huitwa SUV, kwa kuwa ndilo alilolizoea kazini. Landrova na Landkruza zimembeba katika doria miaka 20. Kwa nini asiende nazo nyumbani?

Twaona shauri hili lastahili kupimwa kwa utulivu, kwani kiinua mgongo hutoka mara moja tu. Tena gari la kazini hutofautiana na la nyumbani kwa jambo moja kubwa: la kazini hutiwa mafuta na Serikali.

Wengi hudhani kwamba haya ni makabila mawili ya magari, kumbe ni ndugu. Stesheni wagoni lilipata jina lake kutokana na kazi ya kwenda stesheni ya reli kupokea abiria pamoja na masanduku yao. Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, kampuni ya Willys ya Marekani, iliyounda Jeep za kijeshi, ilitoa stesheni wagoni yenye bodi ya chuma kitupu badala ya mbao zilizokuwa desturi. Land Rover ikazaliwa Uingereza mwaka 1948, bodi yake ikiwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu. Range Rover ya mwaka 1970 ndiyo iliyowaonyesha watu wenye nafasi kwamba gari la shambani laweza kuwa na springi laini. Kisha mwaka 1994 Toyota ikaleta RAV4, ambayo kwa sura yafanana na gari la porini, ilhali mifupa yake ni ya gari dogo la mjini. Hapo ndipo wanunuzi wengi walipoanza kulipia kimo wakidhani wamelipia nguvu.

Wazee wetu wa jeshi na polisi hawahitaji kuelezwa Peugeot 504 ilikuwa nini. Ilitoka mwaka 1968. Stesheni wagoni yake haikuwa saluni iliyoongezwa paa: umbali baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulirefushwa kutoka mita 2.74 hadi mita 2.90, na nyuma ikafungwa ekseli nzima yenye springi nne, mbili kila upande, ili ihimili mzigo. Aina ya kifamilia ilikuwa na safu tatu za viti, watu saba kwa hesabu ya kiwandani. Hesabu ya steji ilikuwa nyingine. Nchini Kenya magari haya yaliunganishwa na kupakia abiria wa safari ndefu, hata neno Peugeot likawa jina la usafiri wenyewe. Saluni yake ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1975 chini ya Ove Andersson, katika vumbi na tope. Wala injini yake haikuendesha magurudumu manne. Iliendesha mawili ya nyuma tu. Iliwezaje? Ilikuwa na springi zenye mwendo mrefu, uzito wa kadiri, na fundi wa kuitengeneza alipatikana karibu kila mji.

Hebu na tupige hesabu. Kutoka Kampala hadi Gulu ni takriban kilomita 330, kwenda na kurudi 660. Tuseme stesheni wagoni lanywa lita 8 kwa kila kilomita 100, na gari kubwa la juu lanywa lita 13, nalo ni kadirio la huruma kwa Landkruza ya petroli. La kwanza litamaliza lita 53, la pili lita 86. Lita 33 zimepotea katika kusukuma upepo na kuburuta chuma, na jamaa waliofika ni wale wale. Matairi ya gari kubwa nayo ni ghali zaidi, kadhalika breki na springi.

Shina la usalama ni kimo. Gari lililoinuka hubeba uzito wake juu, kwa hiyo dereva akikata usukani ghafula ili kumkwepa ng'ombe, ni rahisi zaidi lipinduke. Mwaka 2000 huko Marekani kampuni ya Firestone ililazimika kuyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa katika Ford Explorer, kwa sababu ngozi zake zilibanduka katika mwendo wa kasi na magari yakapinduka. Vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na balaa hiyo. Magari mapya yana vyombo vya umeme vinavyomsaidia dereva kulidhibiti gari lisiyumbe, lakini mengi yauzwayo kwa bei ya askari hayana. Ongeza keria iliyojaa ndizi na mbuzi juu ya paa, na askari wa barabarani ajua mwenyewe yanayofuata. Katika stesheni wagoni mzigo hulala chini, nyuma ya viti, nayo sakafu iko karibu na goti la mpakiaji. Bibi mzee naye huingia bila kunyanyuliwa.

Tusiwe hata hivyo watu wa upande mmoja. Stesheni wagoni iliyojaa huinamisha mkia, na tuta moja la barabarani lililojengwa vibaya laweza kung'oa eksozi. Barabara kuu za kwenda Gulu, Mbarara na Mbale zina lami, lakini nyumbani kwa askari mara nyingi ni kilomita kadhaa kutoka kwenye lami hiyo. Katika udongo mweusi wa Karamoja, mvua ikinyesha, gari la chini husimama kama limepigwa misumari. Mwenye kuishi huko, au milimani ambako njia ni mfereji, anunue gari la juu bila kuona haya. Lakini liwe lile la kweli, lenye gia ya pili ya kupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Mtoni asijivune. Maji yaendayo kasi, yakifika nusu mita tu, huweza kuyaelea na kuyachukua hata magari mazito.

Stesheni wagoni hazitengenezwi kwa wingi kama zamani. Zilizosalia katika soko letu hutoka hasa Japani, zikiwa zimetumika: Corolla Fielder, Subaru Legacy, na Probox, ile tuionayo ikipanda milima ya Kenya imebeba kuliko ilivyoumbwa kubeba. Mwaka 2018 sheria ya Uganda ilipiga marufuku kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15. Kwa hiyo Landkruza za zamani ambazo askari huzitamani hupatikana humu humu nchini tu, zikiwa zimepitia mikono mitatu au minne. Kwa fedha ile ile, mnunuzi ataweza kupata stesheni wagoni iliyo changa zaidi.

Akishikilia gari la juu, na aende na fundi wake, si wa muuzaji. Walilalie chini waitazame chasisi, hasa penye kuungwa upya. Kisha walipeleke penye mchanga au tope, waingize gia ya magurudumu manne, na wahakikishe kwamba magurudumu ya mbele yanavuta kweli, kwani tumeyaona magari yaliyotolewa mtambo huo zamani na kubakiwa na kirungu chake tu.