Karata za barazani na karata za simuni: nguvu iko wapi?

Baada ya sala ya alasiri, mtu akikata vichochoro vya Mji wa Kale kutoka Ndia Kuu kuelekea Kibokoni, hakosi kuwakuta wazee wameketi juu ya baraza, kahawa chungu mbele yao na karata mikononi. Mimi ni mmoja wao. Mchezo wetu ni wahedi wa sitini, na tunaucheza kwa kupitisha wakati na kutaniana tu. Hapawekwi hata senti moja, na adhana ya magharibi ikisikika karata hufunikwa, aliye mbele na aliye nyuma wakaondoka pamoja.

Siku chache baada ya Idi, dadangu aliniita nyumbani kwake. "Ndugu yangu," akaniambia, "zungumza na mpwa wako. Pesa zake zote za Idi amezitia ndani ya simu. Anasema amenunua karata."

Hapana shaka msomaji amekwisha kudhani nilivyodhani mimi, kwamba kijana ameingia kamari. Nilimkuta dakani, simu mkononi. Ana miaka 17. "Mjomba, mama amekutuma," akasema hata kabla sijaketi. Nikamjibu kuwa sikuja kugomba, nimekuja kufundishwa. Basi akaanza somo, na somo lenyewe likatuchukua jioni tatu.

Kwetu barazani jozi ya karata ni moja kwa wote. Tunatoa nane, tisa na kumi, zinabaki karata 40 za shupaza, kopa, uru na pau. Ree ni 11, seti ni 10, mzungu wa nne ni 4, wa tatu ni 3, wa pili ni 2. Jumla ni 120, na anayefikisha 61 ameshinda. Ndipo mchezo ulipopata jina lake la Kiarabu. Majina ya karata zenyewe yametoka kwa Wareno. Hao walianza kuijenga Ngome mwaka 1593, wakatolewa mwaka 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Wenyewe wakaenda zao, lakini kopa, pau na turufu zikabaki barazani mpaka leo.

Karata za mpwa wangu zina asili nyingine. Mwaka 1993 Mmarekani mmoja mtaalamu wa hesabu, Richard Garfield, alitoa mchezo uitwao Magic: The Gathering. Humo kila mchezaji huja na jozi yake mwenyewe, aliyoiunga kutokana na karata alizonunua au kubadilishana na wenziwe. Mwanzoni hapakuwa na kikomo, na mwenye pesa aliweza kuijaza jozi yake karata ile ile iliyo kali. Mwaka 1994 ikawekwa kanuni kwamba jozi ya mashindano iwe na karata zisizopungua 60, na karata ya jina moja isizidi nne, isipokuwa zile za ardhi za kawaida. Baadaye michezo ya namna hii ikaingia katika kompyuta na simu. Hearthstone, uliotoka mwaka 2014, una jozi ya karata 30. Pokémon TCG Pocket, uliotoka mwaka 2024, una jozi ya karata 20.

Nikamwuliza swali ambalo mzee yeyote wa baraza angeliuliza: "Ikiwa kila mtu anakuja na karata zake, basi si atashinda mwenye karata za bei kubwa?"

Akacheka. "Hata mimi nilidhani hivyo, mjomba."

Hapo ndipo nilipoanza kuona kuwa mchezo huu una elimu yake. Jambo la kwanza ni gharama. Katika Hearthstone kila karata ina bei yake ya kuitoa, na nguvu ya kulipia huongezeka moja kila zamu mpaka ifike 10. Anayejaza jozi yake majabari ya bei ya saba na nane hukaa zamu za mwanzo akitazama tu, huku mwenziwe akimpiga kwa karata ndogo ndogo. Ni kama mtu aliyelundika boriti za dari na kuta hazijapanda.

Jambo la pili ni hesabu ya kupata. Chukua jozi ya karata 20, ukagawiwa 5 za mwanzo. Ikiwa karata unayoitegemea iko moja, nafasi ya kuwa nayo mkononi ni 25 katika 100. Ukiwa nazo mbili, nafasi inapanda hadi karibu 45. Ndiyo maana jozi kali mara nyingi huwa na karata mbili mbili za aina chache. Jozi yenye mchanganyiko wa kila kizuri humpa mchezaji mkono mpya kila siku, asijue leo afuate mpango gani.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa, ni karata kujuana. Karata moja huita nyingine kutoka katika bunda, ya pili huikinga ya kwanza, ya tatu humaliza kazi. Moja moja hazina lolote, zikikutana zinavunja. Watu wa mchezo huzigawa jozi kwa tabia zao: ziko za mbio, zinazotaka kumaliza mapema, ziko za subira, zinazozima kila shambulio mpaka adui aishiwe, na ziko za mtego, zinazongojea karata mbili au tatu zikutane. Ya mbio humkuta wa mtego hajawa tayari, ya subira huizima ya mbio, na ya mtego hutumia ule muda mrefu ambao mwenye subira humwachia. Kwa hiyo hakuna jozi moja inayowashinda watu wote, na anayeuza habari ya jozi isiyoshindwa anauza upepo.

Nikamwambia, "Sasa nieleze hizo pesa za Idi."

Akanieleza kwa haya. Alikuwa ameona katika intaneti jozi ya bingwa mmoja wa nchi za mbali, akaiiga karata kwa karata. Zikampungua mbili. Katika mchezo anaoucheza yeye karata huuzwa ndani ya pakiti zilizofungwa, na mnunuzi hajui kilichomo mpaka alipe. Akanunua pakiti, hazikuwemo. Akanunua tena, na tena, mpaka shilingi 3,200 zikamalizika, naye amepata moja kati ya zile mbili. Akaitia katika jozi, na bado akashindwa usiku kucha.

"Unajua kwa nini bingwa yule aliweka kila karata aliyoiweka?" nikamwuliza.

Akanyamaza kidogo. "Sijui, mjomba. Nilijua tu kuwa yeye alishinda."

Ndugu msomaji, mimi si mwanachuoni, na hukumu za fikihi nawaachia wenyewe. Lakini sote tuliokaa darasani utotoni tulifundishwa kuwa samaki haui wala hauzwi akiwa bado majini, na ndege hauzwi akiwa hewani, kwa kuwa mnunuzi hajui anapata nini. Neno gharari twalijua. Wala si sisi peke yetu tuliotia shaka. Mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya bahati wa Ubelgiji walitoa uamuzi kuwa makasha ya bahati yanayouzwa kwa pesa ndani ya michezo ya kompyuta yanaingia katika sheria ya kamari. Uchina nayo, tangu mwaka 2017, iliwataka wenye michezo watangaze nafasi ya kupata kila kitu kilichomo. Mchezo wenyewe ni wa akili, na sikuona sababu ya kumnyang'anya kijana simu. Kilichomla ni ile pakiti iliyofungwa.

Jioni ya pili tukaiunga jozi upya, bila ya kununua kitu. Nyingi ya michezo hii humpa mchezaji karata za bure kidogo kidogo, na kijana alikuwa nazo tele asizozitazama. Kila karata nilimtaka anieleze kazi yake kwa sentensi moja, na asiyoweza kuieleza ikatoka. Ile ya bei kubwa aliyoisumbukia ikatoka nayo, kwa sababu bila ya mwenziwe haikuwa na kazi. Akacheza mara nne, akashinda mara tatu. Michezo minne si hesabu ya kuapia, nami nilimwambia hivyo. Lakini safari hii alipofungwa ule mmoja aliweza kunieleza kwa nini amefungwa, na hilo jana yake hakuliweza.

Jioni ya tatu mwenzangu wa barazani hakuja, nikamwita mpwa wangu aketi mahali pake. Wazee wakatabasamu. Simu akaitia mfukoni, akapewa karata za karatasi zilizochakaa pembe, zile zile walizopewa wote. Turufu ilikuwa uru.

Zilipobaki karata mbili mbili mikononi, kijana alinitazama, akafumba jicho moja. Alikuwa amehesabu. Uru tisa zimekwisha kuanguka, na ya kumi, kwa kuwa hana yeye wala haikuonekana, aliona niko nayo mimi. Alitaka niizuie mpaka mwisho. Mimi sikumtazama. Nilikuwa nikipokea kikombe cha kahawa, nikaitupa turufu yangu kwa kuchukua mzungu wa pili, karata ya 2. Mkono wa mwisho nikaanza mimi na pau, na mpwa wangu, aliyebakiwa na ree ya kopa peke yake, akaitoa hana la kufanya. Ikaenda. Tukaishia 54.

Mzee mmoja akazihesabu tena, akasema kwa sauti ili jirani wasikie: kama turufu ile ingalingoja, zile mbili zingepotea na 11 zingeingia, nanyi mngekuwa na 63. Kisha akamgeukia kijana. "Wewe una hesabu. Mjomba wako ndiye aliyelala."

Nilikuwa nimetumwa kwenda kumwonya kijana juu ya karata, na karata zikanionya mimi. Nilikuwa na turufu ya mwisho mkononi na mwenzangu mwenye akili mbele yangu, nisiwatumie wote wawili. Adhana ikasikika kutoka msikiti wa Mandhry, karata zikafunikwa. Njiani kijana akaniuliza kama kesho nafasi ile itakuwa wazi tena.