Kakanda: Shaba, mtutu wa bunduki na mbio za risasi

Huko Kakanda, mji wa wachimbaji ulio kaskazini-magharibi ya Likasi, shaba ndiyo inayolisha jamaa nyingi. Lakini wakaaji wachache hufikiri kwamba madini hayo hufanya kazi pia ndani ya bunduki. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, shaba ya Katanga ilipelekwa Ulaya kutengenezea silaha. Mpaka leo, maganda mengi ya risasi ni mchanganyiko wa zinki na shaba, na kichwa cha risasi mara nyingi huvikwa koti jembamba lenye shaba.

Koti hilo lina sababu. Kichwa cha risasi ni kinene kidogo kuliko tundu la mtutu, na ndani ya mtutu mna mifereji inayozunguka. Baruti ikiwaka, gesi inakisukuma kichwa kijipenyeze humo kwa nguvu, huku mifereji ikikizungusha ili kisipinduke hewani. Shaba, kwa kuwa ni laini kuliko chuma cha mtutu, hukubali kuchongwa bila kuuharibu haraka.

Muda wote risasi inapokuwa ndani, gesi inaisukuma na msuguano unaizuia. Kwa hiyo mtutu mrefu huipa gesi nafasi ya kusukuma zaidi. Bunduki ya AK-74 ina mtutu wa sentimita 41.5 na hutoa risasi kwa mbio za mita 900 hivi kwa sekunde. Ndugu yake mfupi, AKS-74U, ana mtutu wa karibu sentimita 21, na risasi ileile hutoka kwa mita 735.

Lakini urefu una mpaka wake. Kadiri risasi inavyosonga mbele, gesi inapata nafasi kubwa na nguvu yake inashuka, ilhali msuguano bado upo. AK-47 hutoa risasi kwa mita 715 kwa sekunde. RPK, yenye mtutu uliozidi kwa zaidi ya sentimita 17 na risasi za aina ileile, huongeza mita 30 tu. Kwa risasi ndogo za kalibari 22, mtutu ukizidi sana sentimita 50, msuguano unaweza hata kuanza kuipunguzia risasi mbio.

Mtutu uliochakaa nao hupoteza nguvu, kwa sababu gesi huvuja kando ya risasi, na shabaha inaharibika.

Raia ajifunze nini hapa? Kwanza, bunduki fupi si mchezo: hata ile ya mita 735 inabaki na theluthi mbili za nguvu ya ile ndefu. Bati la nyumba haliizuii. Risasi ya AK-47 iliyopotea inaweza kufika mbali zaidi ya kilomita 2, na ile inayopigwa hewani kwa furaha lazima ianguke mahali fulani.

Pili, katika eneo ambako vipande vya shaba vina bei, mtoto anaweza kuokota risasi nzima akidhani ni mali. Risasi ikigongwa kwa nyundo au kutupwa motoni, hakuna mtutu wa kuongoza gesi. Kichwa hakitaenda mbio sana, lakini ganda hupasuka, na vipande vyake vinaweza kutoboa macho. Ukiiona, usiiguse: zuia watoto, kisha waite wenye mamlaka.