Umeme wa Upepo wa Baharini: Gharama Isiyoonekana Kwenye Ankara

Upepo wa baharini huvuma kwa nguvu na kwa utulivu zaidi kuliko wa nchi kavu. Kwa sababu hiyo, mataifa ya Ulaya yamesimika maelfu ya mitambo ya umeme baharini, hasa katika Bahari ya Kaskazini. Denmark ndiyo iliyotangulia, mwaka 1991, kwa mitambo 11 ya Vindeby.

Hata hivyo, bahari ina wenyewe. Mtumiaji anapoelezwa kuwa umeme fulani ni nafuu, anastahili kujua unafuu huo umepatikanaje.

Kelele za ujenzi
Nguzo za chuma hugongomewa kwenye sakafu ya bahari. Mshindo wake husafiri mbali na huwafukuza wanyama wa jamii ya pomboo, ambao hutegemea usikivu kutafuta chakula. Ujerumani imeweka kikomo: sauti ya kila pigo isizidi desibeli 160 katika umbali wa mita 750. Ili kutimiza sharti hilo, wajenzi hulaza bomba lenye matundu kuizunguka nguzo na kusukuma hewa ndani yake. Viputo vinavyopanda huwa pazia linalopunguza sauti.

Ndege wahamao
Mwezi Mei 2023, Uholanzi iliamuru mitambo ya Borssele na Egmond aan Zee ipunguzwe mwendo kwa saa nne, hadi karibu kusimama, ili makundi ya ndege yapite salama usiku.

Wavuvi
Nyavu za kukokota zaweza kunasa kwenye nyaya za umeme zilizolazwa chini ya maji. Mvuvi wa namna hiyo hulazimika kwenda mbali zaidi na kuchoma mafuta zaidi. Ni kweli kwamba kome huota nguzoni na samaki hukusanyika hapo. Lakini wingi huo haumfaidii mvuvi asiyeweza kutupa nyavu zake mahali hapo.

Nani alipe?
Pazia la viputo, saa za kupunguza mwendo na fidia kwa wavuvi, vyote vina gharama. Vikiingizwa katika bajeti ya mradi, huenda vikaonekana katika bei ya umeme. Visipoingizwa, gharama haikutoweka: imehamishiwa kwa mvuvi na kwa viumbe wasio na ankara.

Kwa hiyo, mradi wa namna hii unapoletwa kwenye mkutano wa kukusanya maoni, mtumiaji aulize:

1. Je, maeneo ya uvuvi na mazalia ya samaki yalitambuliwa kabla ya eneo kugawiwa?
2. Nani atapima kelele, na matokeo yatatangazwa wapi?
3. Mitambo ikichakaa, nani ataing'oa, na fedha za kazi hiyo zimetengwa? Ile ya Vindeby iling'olewa mwaka 2017.

Bei ya haki ni ile inayobeba gharama zake yenyewe.