Mshale wako unakwenda kando? Angalia mambo haya matatu

Kama unajifunza kulenga shabaha kwa upinde wa mti, usikimbilie kubadilisha upinde. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Usalama
Kabla ya kurusha, pinda uti wa mshale kidogo huku ukiuzungusha. Ukiona ufa au ukisikia mlio wa kukatika, uvunje: ukipasuka wakati wa kurusha unaweza kukuchoma mkono. Lenga kwenye kichuguu au lundo la udongo ambalo nyuma yake hapapiti watoto wala mifugo. Usiachie kamba bila mshale. Upinde unaweza kuvunjika.

2. Mkao
Geuzia shabaha ubavu. Vuta kamba hadi pembe ya mdomo, pale pale kila mara. Unapoachia, mkono ulioshika upinde usishuke mpaka mshale ufike.

3. Mshale
Mkao ukitulia, rusha mshale usio na manyoya na wenye manyoya kutoka hatua 10, kisha linganisha. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, usio na manyoya ukienda kushoto, uti ni mgumu mno: uparue uwe mwembamba. Ukienda kulia, uti ni mlegevu: ukate kidogo, lakini usiwe mfupi kuliko mvuto wako.