Umeme Penye Maji ya Kituku

Mtu ashukaye Kituku asubuhi na mapema, huko Goma kando ya Ziwa Kivu, husikia sauti nyingi kwa pamoja: wauza samaki, wapagazi wa makaa yaliyovushwa kutoka Minova, akina mama wachotao maji kwa bidoni, na katikati ya hayo yote mlio wa randa ya umeme. Zamani fundi wa mashua alilainisha ubao kwa tezo na randa ya mkono. Kazi ya siku mbili sasa humalizika kabla ya adhuhuri. Hatumlaumu, tena twamsifu. Lakini randa ya mkono haikupata kumwua mtu kwa sababu miguu yake imelowa.

Siku moja nalikwenda kumtazama kijana niliyemfundisha kusoma, ambaye alikuwa akijifunza useremala kwa mzee mmoja. Walikuwa wamepindua mashua juu ya magogo, hatua chache tu toka majini. Waya ulilazwa juu ya kokoto, na mahali ulipochubuka ulifungwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Kijana alikuwa miguu mitupu.

"Papa," nikamwambia mzee, "waya huu wanitia hofu."

Akacheka. "Mwalimu, usiogope. Fyuzi iko."

Haikupita nusu saa, wimbi likapanda. Kijana akainama auondoe waya, akaushika pale pale penye nailoni. Akapiga ukelele mmoja, kisha kimya. Vidole vimejikaza, hawezi kuachia. Namshukuru Mungu kwamba mzee hakumkamata, maana wangalinaswa wote wawili. Alikimbilia plagi akaichomoa. Kijana yu hai, na kovu liko kiganjani.

Basi, fyuzi ilikuwapo, wala haikukatika. Kwa nini? Fyuzi huwekwa kulinda waya usiungue, si kulinda mtu. Fyuzi ya ampea 16 huacha ampea 16 zipite, lakini sehemu 30 tu katika 1,000 za ampea moja, zikipita kifuani, zaweza kuhatarisha maisha. Tofauti yake ni zaidi ya mara 500! Kiko chombo kingine kidogo, hufungwa penye fyuzi, ambacho hupima umeme unaokwenda na ule unaorudi. Ukipungua miliampea 30 njiani, yaani umepata njia nyingine ya kupita, pengine mwilini mwa mtu, chombo hukata mara moja. Anunuaye chombo hicho aombe kile cha miliampea 30, maana viko vya kiasi kikubwa zaidi visivyomfaa mtu.

Goma ina shida yake yenyewe. Sehemu kubwa ya mji imesimama juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, mlima uliomwaga moto mjini mwaka 2002, na tena ukakaribia mwaka 2021. Nondo ya kupeleka umeme ardhini haipenyi kwa urahisi katika mawe hayo, na yakiwa makavu hayapitishi umeme vema. Kwa hiyo yafaa kuchagua mashine yenye alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake, imefunikwa mara mbili, haitegemei nondo. Hata hivyo alama hiyo haiponyi waya uliochubuka.

Mengine mafundi wayajua, ila huyasahau. Ubao wa mashua kuukuu huficha misumari. Itafuteni kabla ya msumeno kuikuta. Msiondoe kinga ya jiwe la kukatia chuma. Na umeme ukikatika, jambo la kila siku kwetu, zima mashine na kuchomoa plagi, isije ikaamka yenyewe mkono ukiwa penye meno.

Mtu akinaswa, kateni umeme kwanza. Asipopumua, mmoja akimbilie msaada, mwingine amkandamize kifua katikati kwa nguvu, mara 100 hata 120 kwa dakika, bila kukoma.

Juzi nalipita tena Kituku. Waya umetundikwa juu ya miti, kijana amevaa mabuti ya mpira. Mzee aliponiona akaita kwa mbali: "Mwalimu, njoo utazame fyuzi yangu mpya!" Si fyuzi, lakini siku ile sikumsahihisha.