Kelele si Nguvu

Apitaye njia ya Bunju kwenda Bagamoyo, kwa Mapinga, Kerege na Zinga, huona katika kila kituo vijana na pikipiki zao wakingoja abiria. Kazi hii ni halali. Kanuni za mwaka 2010 ziliitambua bodaboda kuwa chombo cha kuchukua abiria kwa nauli. Hatuna nia ya kuibeza. Lakini liko jambo moja ambalo hatuna budi kulisema, nalo ni desturi ya kukata bomba la moshi, yaani ekzosi, ili pikipiki ingurume.

Twajua kwamba si kila abadilishaye bomba hutafuta sifa. Upepo wa pwani una chumvi, na chumvi hula chuma. Afungaye bomba jipya lililo sawa na la kiwandani hana haja ya kurekebisha injini. Atazame tu gasketi ya maungio isivuje. Tumsemaye ni yule apelekaye bomba zima kwa fundi wa kuchomelea, likapasuliwa, vizuizi vya ndani vikatolewa, likarudishwa tupu.

Huyo akiuliza kama injini yataka kurekebishwa, mara nyingi huambiwa, "Haina neno." Neno lipo. Sehemu moja ya petroli yahitaji hewa karibu sehemu 15 kwa uzito, na kabureta ilipimiwa pamoja na bomba lake. Moshi ukifunguliwa njia, kipimo hupotea. Mara nyingi hewa huzidi na petroli hupungua. Dalili zake ni hizi: bomba hupiga mafataki mkono wa mafuta uachiliwapo, injini huchemka kupita kiasi, na plagi hutoka nyeupe badala ya kuwa ya hudhurungi. Asiyesikia dalili hizo huja kuunguza valvu, na hata pistoni.

Wengine hudhani dawa ni kuzungusha skrubu ya kabureta. La hasha! Skrubu hiyo hutawala mwendo wa polepole tu. Mwendo wa kasi hutawaliwa na jeti kubwa, nayo sharti ibadilishwe kwa yenye tundu pana zaidi, kisha plagi ichunguzwe tena. Na baada ya gharama hizo, faida ni nini? Kwa injini ya sentimita za ujazo 125 au 150, nguvu iongezekayo ni haba, kama ipo. Mvuto wa kuondokea na abiria na mzigo wake waweza kupungua, na petroli huliwa zaidi.

Tukumbuke pia kwamba vijana wengi pikipiki si zao. Kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye chombo. Injini ikifa, hesabu haingoji. Kijana amenunua ngurumo kwa riziki yake mwenyewe.

Wala si yeye peke yake aumiaye. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kuta za mawe huirudisha sauti nyumbani kwa mgonjwa, kwa mzazi aliyejifungua na kwa mwanafunzi asomaye. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 haikusahau kelele, lakini askari hawezi kusimama kila kona. Twawasihi wenye vyombo, mafundi na viongozi wa vituo wawaonye vijana kwa upole, kabla ya hasara kuwaonya kwa ukali.

Wazee walisema: debe tupu haliachi kuvuma. Bomba tupu nalo ni hivyo hivyo.