Seleni: Madini yanayoondoka Mtwara ndani ya gunia la korosho na tenga la samaki

MTWARA huuza korosho na pweza, kisha hula muhogo. Kwa upande wa fedha mpango huo una mantiki yake: korosho ghafi hulipa ada ya shule na bati la nyumba, na muhogo huishibisha familia kwa gharama ndogo. Ila ipo hesabu nyingine ambayo haiandikwi kwenye daftari la chama cha msingi. Ni hesabu ya madini yaitwayo seleni.

Mwili huyahitaji madini haya kwa kiasi kidogo mno. Kwa viwango vya Marekani, mtu mzima anatakiwa kupata mikrogramu 55 kwa siku, mama mjamzito 60 na anayenyonyesha 70. Mikrogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Kwa maana hiyo, mahitaji ya mtu mmoja kwa mwaka mzima ni karibu uzito wa punje moja ya mchele.

Punje hiyo ikikosekana, madhara yake yanajulikana. Mwaka 1935, katika wilaya ya Keshan kaskazini mashariki mwa China, ulizuka ugonjwa wa moyo ulioua wengi, hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ilikuja kubainika miaka ya 1970 kwamba maeneo yenye ugonjwa huo yalikuwa na udongo maskini wa seleni, na watoto waliopewa vidonge vya madini hayo waliugua kwa nadra kuliko wenzao. Leo inafahamika pia kwamba seleni husaidia kinga ya mwili, na kwamba tezi ya shingoni, ile inayovimba mtu anapopata rovu, haiwezi kutumia madini joto ipasavyo bila seleni.

Chanzo cha yote ni ardhi. Mmea wenyewe unaweza kustawi bila seleni, hivyo huchukua kile unachokikuta tu. Shamba linaweza kuwa la kijani na kutoa mavuno mazuri huku chakula chake kikiwa kitupu kwa upande huu, na mkulima asione dalili yoyote kwenye jani.

Mfano wa karibu zaidi uko kwa majirani. Nchini Malawi, utafiti wa mahindi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika sehemu kubwa ya nchi hiyo gramu 100 za mahindi zilikuwa na mikrogramu 2 au chini ya hapo. Mahindi ya bonde la Shire, penye udongo mweusi usio na tindikali, yalikuwa na seleni nyingi zaidi kwa mbali. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, uliopima damu, uligundua kwamba zaidi ya nusu ya wanawake walio katika umri wa kuzaa walikuwa na upungufu. Waliokuwa na nafuu ni wale waishio kando ya Ziwa Nyasa, na maelezo yaliyotolewa ni mepesi: wanakula samaki zaidi.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa Mtwara, kwa sababu mkoa huu nao una watu wa samaki na watu wa shamba. Katika vijiji vya ukanda wa Ziwani, Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, kitoweo hutoka baharini. Ukipanda juu hadi uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, sahani ni ya ugali wa muhogo, kisamvu, kunde na mbaazi, na samaki hufika akiwa mkavu, kwa siku na kwa bei yake.

Majedwali ya vyakula yanaonyesha tofauti ilivyo. Gramu 100 za muhogo mbichi zina chini ya mikrogramu 1 ya seleni. Kiasi hicho hicho cha pweza mbichi kina takriban 45, na korosho takriban 20, ingawa ya korosho hupanda na kushuka kufuatana na udongo. Anayekula nusu kilo ya muhogo kwa siku hapati hata mikrogramu 5 kutoka humo. Kipande cha samaki cha gramu 100 peke yake kinaweza kumfikisha karibu na lengo la siku.

Sasa pweza wa pwani hii hununuliwa na mawakala wa kampuni zinazouza nje, na sehemu kubwa ya korosho husafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Hakuna ubaya kuuza. Tatizo ni nyumba inayouza vyote viwili na kubakiwa na muhogo na chumvi, tena mara nyingi chumvi ya wazalishaji wadogo isiyowekwa madini joto.

Upo upande mwingine unaogusa zao la korosho lenyewe, nao hauzungumzwi sana: salfa.

Mikorosho ya kusini ilivamiwa na ubwiri unga miaka ya 1970. Ugonjwa huo, pamoja na kuhamishiwa watu vijijini na bei mbaya, ulichangia uzalishaji wa nchi kuporomoka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Unga wa salfa ndio uliosaidia kuinua zao, na hadi leo ni pembejeo ambayo mkulima hulala akiiwaza. Anayemwambia aiache hajui maisha ya Mtwara.

Lakini salfa inayoanguka chini haipotei. Hugeuka kuwa tindikali, na utafiti wa mwaka 1997 kuhusu mashamba ya kusini ulishatahadharisha juu ya athari hiyo katika udongo wa kichanga usio na uwezo mkubwa wa kuihimili. Kwa seleni, hasara huja kwa njia mbili. Kwanza, udongo wenye tindikali huishikilia seleni kwenye chembe za chuma, mizizi isiipate. Pili, salfa na seleni ni kama ndugu wa damu: hupita mlango mmoja kuingia kwenye mzizi, na ndugu mwenye wingi humzuia mwenzake. Kunde na muhogo uliopandwa chini ya mikorosho inayopuliziwa kila mwaka uko katika foleni hiyo.

Dawa ipo? Finland ilianza mwaka 1985 kuchanganya seleni kwenye mbolea za viwandani, na viwango katika damu za watu wake vikapanda. Malawi imejaribu njia hiyo hiyo kwa mahindi, na unga wake uliongeza seleni kwa walaji. Kwa Mtwara, njia hii ina kasoro ya kiuchumi: mkulima wa muhogo hanunui mbolea ya viwandani. Huwezi kupitisha dawa kwenye bomba ambalo halipo.

Vidonge navyo vinataka tahadhari. Kaskazini mwa Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba kuwapa seleni watu wenye upungufu mkubwa wa madini joto kuliidhoofisha zaidi hali ya tezi zao. Madini joto kwanza, seleni baadaye. Aidha, zaidi ya mikrogramu 400 kwa siku ni hatari. Huko Enshi, China, miaka ya 1960, watu waliokula mazao ya ardhi yenye seleni kupita kiasi walipukutika nywele na kucha.

Kinachobaki kwa bei nafuu ni samaki mkavu na korosho iliyovunjika. Ng'onda na dagaa hawahitaji barafu, na kwa kuwa maji yametoka, gramu chache hubeba virutubisho vingi. Kila kichanja cha kuanikia kinachojengwa pwani, na kila ushuru unaopunguzwa kwa mchuuzi anayepandisha matenga Newala, ni huduma ya lishe hata kama bajeti inaiita biashara. Vipande vya korosho kutoka kwa vikundi vya wabanguaji, ambavyo soko la nje huvishusha bei, vingefaa kwenye uji wa shule. Konzi ya gramu 30 hutoa takriban mikrogramu 6, zaidi ya nusu kilo ya muhogo.

Kuhusu udongo, kipimo cha kawaida husoma tindikali, naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na seleni haimo. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, kinachoongoza utafiti wa korosho nchini, kiko hapo hapo Mtwara. Sampuli chache kutoka chini ya mikorosho ya Tandahimba na nyingine kutoka kwenye shamba lisilowahi kupuliziwa, pamoja na kunde zilizovunwa juu ya kila moja, zingetosha kuanzia, na zingechukuliwa kabla mashine za salfa hazijaanza kunguruma.